Diwani, Ngoma na Fedha za Umma

Kuhusu madiwani na vikundi vya sanaa zimezagaa dhana nyingi zisizo sahihi. Diwani akionekana amekaa mstari wa mbele kwenye onyesho la kikundi cha sanaa cha mtaani, watu husema kikundi hicho "kimefadhiliwa na mheshimiwa". Kauli hiyo inanikera, kwa sababu fedha anazopitisha diwani si zake. Ni za walipa kodi, na kabla hazijakifikia kikundi hupita kwenye kamati, kwenye makadirio ya bajeti na kwenye kura ya baraza. Kikundi kilichopata ruzuku kwa njia hiyo hakijafanyiwa hisani na mtu yeyote, na mwisho wa mwaka kitadaiwa hesabu na stakabadhi. Anayetoa bahasha jukwaani naye ametoa kitu, sikatai. Lakini mwakani bahasha ile haitakuwepo, wala hakuna atakayekuwa na haki ya kuiulizia.

Tena wengi hudhani msaada ni fedha tu. Vikundi nilivyovifahamu vililia ufunguo kabla ya kulilia fedha. Waigizaji wamesimama nje ya ukumbi wa umma saa kumi na mbili jioni, mmoja ana ngoma kwapani, mwingine kajitwisha gunia la mavazi, na mlinzi anatia kufuli kwa kuwa zamu yake imekwisha. Mchana hawawezi kufanya mazoezi, wako vibaruani. Diwani anayeijua kazi yake hupeleka hoja kwenye baraza ukumbi uwe wazi hadi usiku na mlinzi wa zamu ya pili alipwe. Ni kikao kirefu kisicho na makofi, na kwangu huo ndio msaada ninaouthamini kuliko mwingine wowote.

Kisha kuna wale wasemao sanaa ni anasa, isubiri barabara ziishe. Mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1984, Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na maandishi ya rangi yaliyojaa kutani. Ilikuwa kazi ya kusafisha mji, hakuna aliyeiita sanaa. Msanii Jane Golden aliajiriwa kukaa na vijana waliokuwa wakiandika kuta hizo, akawafundisha kuchora picha kubwa za ukutani. Goode aliondoka madarakani mwaka 1992, lakini kazi ile inaendelea hadi leo, na mji una maelfu ya michoro. Basi hata ile imani kwamba mwanasiasa akiondoka kila kitu kinakufa haina ukweli wote. Kinachokufa ni kile kilichobebwa na jina lake. Mji huohuo, tangu 1959, una utaratibu wa kuwataka wajenzi wanaopewa ardhi na mamlaka yake ya uendelezaji watenge angalau asilimia 1 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa. Mameya wamepita, utaratibu umebaki.

Jina "shirika lisilo la faida", ambalo hata vikundi vya sanaa huweza kuitwa, nalo linapotosha. Linaruhusiwa kumaliza mwaka na ziada, na mhasibu wake hulipwa mshahara kama mhasibu mwingine. Kisichoruhusiwa ni waanzilishi au viongozi wake kugawana ziada hiyo.

Dhana ya mwisho ndiyo nzito: kwamba ukishasaidiwa, uchaguzi ukifika utalipa kwa kupiga kampeni. Nchini Marekani, tangu 1954, sheria inayoyasamehe kodi mashirika ya hisani inayakataza kumnadi mgombea yeyote. Uingereza nako shirika la hisani halitakiwi kuunga mkono chama wala mgombea. Upande wa pili, kanuni za mabaraza mengi humtaka diwani aliye kwenye bodi ya shirika atangaze maslahi yake na asipige kura jambo la shirika hilo linapoamuliwa. Kwa hiyo ukimwona anainuka na kutoka nje wakati kikundi anachokipenda kinajadiliwa, usidhani amekitelekeza. Anakilinda, ili ruzuku yake isije ikabatilishwa kesho.