Kitongoji kinapokua: nini maana ya mahali "kukalika"

Barabara mbovu haipitiki, maji ya chumvi hayanyweki, na mahali ambapo kuishi kumekuwa mateso hapakaliki. Neno hilo linatokana na kukaa, na kukaa kwetu ni kuketi na ni kuishi pia. Panapokalika ni pale mtu anapoweza kutua: akapata maji, akapata njia ya kupita, akamjua jirani, akalala usingizi. Nataka kulitumia neno hili kueleza kinachotokea vitongoji vya jiji vinapokua, na nitakieleza nikiwa upande wa Bagamoyo ninakoishi. Ukitoka Dar es Salaam ukavuka daraja la Mto Mpiji, unaiacha Bunju na kuingia Mapinga. Kuanzia hapo, kupitia Kerege, Zinga na Kiromo hadi mjini Bagamoyo, jiji linakuja kwa miguu yake.

Neno kitongoji lenyewe lina maana mbili. Kiserikali ni sehemu ya kijiji, yenye mwenyekiti wake. Katika mazungumzo ni eneo la pembezoni mwa jiji, watu wanakolala usiku na kutoka alfajiri kuwahi daladala ya kwenda kazini. Huku kwetu maana hizo mbili zimekutana juu ya ardhi ile ile: mzee aliyepanda mikorosho kitongojini mwake anapakana na mfanyakazi wa Posta au Kariakoo aliyehamia mwaka jana.

Ukubwa wa jambo unaonekana kwenye sensa. Kati ya 2012 na 2022, Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728. Mkoa wa Pwani, unaolizunguka jiji na ambamo Bagamoyo imo, ulitoka 1,098,668 ukafika 2,024,947. Toa uone: jiji liliongeza watu milioni moja hivi, na Pwani ikaongeza laki tisa na ushei. Kwa Dar hiyo ni kama robo ya watu wake. Pwani ilikaribia kuwa mara mbili.

Wengi husema tatizo ni wingi wa watu. Mimi sikubali. Kariakoo imebanana watu kuliko Kerege na bado ina barabara zilizonyooka, kwa sababu zilichorwa kabla nyumba hazijajaa. Kinachoamua kama kitongoji kitakalika ni siku ile shamba linapokatwa viwanja, na kama siku hiyo kuna aliyekumbuka kuacha njia.

Tazama hesabu yenyewe. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja kinachopendwa na madalali ni cha 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Gawa, utapata viwanja kumi na kipande kidogo kisichotosha hata kugeuzia gari. Mwenye shamba anataka kumi, dalali analipwa kwa kila kinachouzwa, na mnunuzi hataki kulipia ardhi ambayo hatajenga. Kila mmoja ana sababu yake, na hakuna anayeisemea njia. Ukiacha barabara ya mita sita au nane unapoteza kiwanja kimoja au viwili katika kila eka, na hapo ndipo maneno "njia mtaelewana wenyewe" yanaposemwa. Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikatikisa kichwa, nikatoa hela.

Miaka michache baadaye shimo la choo chetu lilijaa. Gari la majitaka likaja, likakwama kwenye kona ya ukuta wa jirani, mita kama hamsini kutoka kwetu. Vijana wakaunganisha mipira vipande vitatu, wakaipitisha juu ya ua wa mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo, nasi tukisimama na ndoo chini ya kila kiungo kwa sababu vilikuwa vinavuja. Mama yule hakusema neno. Alichukua nguo zake akaingia ndani akafunga mlango. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba nilinunua ardhi nusu.

Maana njia si ya gari peke yake. Bomba la maji hulazwa kando ya njia, nguzo ya umeme husimama kando ya njia, mtaro wa mvua hufuata njia. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini uko wilaya hii hii ya Bagamoyo, na mabomba yake makubwa yanaelekea Dar es Salaam. Lakini bomba kubwa kupita karibu nawe ni jambo moja, na bomba dogo kuingia uani kwako ni jambo jingine. Hilo la pili linahitaji pa kupita.

Maji yakikosekana watu wanachimba visima, na hapa kuna hesabu nyingine. Afya ya mazingira hufundisha kwamba kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Sasa chukua kiwanja cha 20 kwa 20. Kutoka kona hadi kona ya mkabala ni mita 28 na kidogo. Hata ukiweka kisima kona hii na choo kona ile, hufiki, na bado hujahesabu choo cha jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Wakati pale palikuwa shamba na nyumba moja, udongo ulikuwa na nafasi ya kuyachuja maji. Kwenye mchanga wa pwani kuna hatari ya pili: pampu zikiwa nyingi na kuvuta kwa nguvu, maji ya bahari husogea chini ya ardhi kuingia nchi kavu, na kisima kilichokuwa na maji matamu kinaanza kukolea chumvi.

Kuna mabadiliko mengine yasiyopimwa kwa mita. Hapa palikuwa na njia za miguu zilizokatiza mikoroshoni, hazikuwa za mtu. Watoto walipita kwenda shule, na ukipita ulisalimia kila uani, shikamoo kwa marahaba. Kuta zilipojengwa njia zile zilizunguka, kisha zikakatika. Ukuta haumfanyi mtu kuwa mbaya, ila unaondoa sababu ya kusalimiana. Wenyeji wengi waliouza wamesogea ndani zaidi kutafuta pa kulima. Msiba ukitokea, watu wanapigiana simu kuulizana marehemu alikuwa nyumba ipi.

Hata mamlaka yanabadilika. Katika kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu una sauti. Eneo likitangazwa kuwa la mji, kijiji kikawa mtaa, sauti hiyo juu ya ardhi inahama. Kuna watu hapa waliolijua hilo baada ya kwisha.

Sisemi ukuaji ni balaa. Umeme, duka la dawa, daladala ya saa kumi alfajiri, sekondari iliyo karibu, vyote vimekuja kwa sababu watu wamekuja. Na kuna mfano wa kukata kwa mpango: mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 Dar es Salaam, maeneo kama Bunju, Mbweni na Kibada. Barabara zilichorwa kwanza. Huduma zilichelewa, lakini zilipokuja zilikuta pa kupita.

Palipokwisha kujengwa kuna urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi viwanja vilivyojengwa bila mpango, ambapo majirani hukaa na mpimaji na kila mmoja anakubali kuachia kipande. Kwetu tulianza kabla hata ya mpimaji. Jumamosi moja tulinyoosha kamba kutoka barabarani hadi nyumba ya mwisho, nyumba kumi na moja. Mwenye ukuta wa ile kona aliikuta kamba iko mita moja na nusu ndani kwake. Akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kama tofali zake atazichukua. Tukamwambia zake. Jumapili alikuja na nyundo, na yule mama wa nguo akatoka na chai.