Oili ya difu ni nini, na kwa nini malori ya zamani ya jeshi huidai mapema

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Humo ndimo mzunguko unaotoka kwenye propela (shafti ndefu inayotoka upande wa giaboksi) hugeuzwa na kugawiwa magurudumu ya kushoto na kulia, ili gurudumu la nje liweze kwenda kasi zaidi lori linapokata kona. Oili yake ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Kwa kawaida haisukumwi na pampu: krauni, yaani gia kubwa ya ndani, huichota inapozunguka na kuirushia beringi na pinioni, gia ndogo inayoisukuma. Ikipungua, hakuna taa itakayowaka kukuonya.

Lori kama M35 la Marekani huvuta kwa ekseli zote tatu, hivyo lina difu tatu. Aliyefungua moja tu bado hajabadilisha oili.

Watu wengi huhesabu kilomita. Kwa malori haya mimi naogopa zaidi maji. M35 liliundwa kupita kwenye maji ya kina cha sentimeta 76 hivi bila maandalizi maalumu, na hapo difu huwa zimezama. Difu iliyotoka kazini ni ya moto. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zilizochoka au kipumulio kibovu, yaani kitundu cha kupitishia hewa. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiiona hivyo, sahau kilomita, imwage siku hiyo hiyo.

Lori lililoegeshwa miaka mingi lina dalili nyingine. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutulia chini. Kabla ya kuliwasha, legeza kidogo plagi ya chini, yaani kizibo cha kumwagia oili: yakitangulia maji, umepata jibu. Lori linalotembea, liendeshe kwanza ili oili ipate moto na kushuka pamoja na uchafu wake.

Lakini kabla ya kumwaga chochote, hakikisha plagi ya kujazia inafunguka. Nimesisitiza hili kwa sababu kosa lake ni chungu: difu tupu, tundu la juu limeganda kwa kutu, na lori haliendi popote. Kama plagi ya chini ina sumaku, itazame. Unga mweusi laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni jino au beringi inayovunjika.

Kwenye maelekezo ya zamani ya jeshi la Marekani utakuta herufi GO, yaani oili ya gia. Difu nyingi leo hutumia SAE 80W-90 (kipimo cha uzito wa oili) ya daraja la ubora la GL-5, ila fuata kitabu cha lori lako. Usimimine hiyo hiyo kwenye giaboksi bila kuhakikisha, kwani baadhi ya viambato vyake vya salfa na fosforasi huweza kula sehemu za shaba.

Jaza lori likiwa mahali tambarare, mpaka oili iguse ukingo wa chini wa tundu. Ikizidi hapo, itatafuta njia kwenye sili na kufika kwenye breki. Safisha pia kipumulio kabla ya kushusha mikono: kikiziba, joto litasukuma oili kwenye njia hiyo hiyo.