Si majini, ni majina: ile milio ya pembeni mwa redio

Swali hili hutufikia mara kwa mara, na muulizaji huliuliza kwa kusitasita, kana kwamba anaogopa kuchekwa. Usiku, anaposogeza mshale wa redio hadi ukingoni kabisa, kule kusiko na stesheni, husikia tiii-tiii, ti-ti-ti, kisha kimya, kisha vilevile tena. Wengine wameambiwa ni majasusi, wengine wamewafikiria majini. Kwa sehemu kubwa ya milio hiyo jibu ni jepesi: ni mnara unataja jina lake.

Tuanze na masafa ya kati, yaani bendi ya AM. Katika sehemu kubwa ya dunia, matangazo huanzia kilohezi 526.5. Chini ya hapo kuna minara ya kuongozea ndege, isiyotoa muziki wala habari. Kazi yake ni kurusha mawimbi saa zote ili mshale ulio mbele ya rubani uelekee iliko. Ili rubani asiufuate mnara usio wake, kila mmoja hupewa herufi mbili au tatu, nao huzirudia kwa alfabeti ya Morse, ambamo kila herufi ni mpangilio wa milio mirefu na mifupi. Redio nyingi za kawaida hazikurekebishwa kwa uangalifu kiwandani, hivyo mshale ukifika mwisho huchungulia kidogo ng'ambo ya mpaka.

Chukua kalamu ujaribu. Herufi hizo hutumwa polepole makusudi, kama maneno 7 kwa dakika, hata asiyejua Morse anaziwahi: mlio mrefu andika kistari, mfupi andika nukta. Ukipata vistari viwili, kisha pengo, kisha kistari kimoja na nukta tatu, umeandika M na B. Rubani naye husikiliza hivyohivyo kabla ya kuuamini mnara. Mafundi wakiwa kazini huliondoa jina, hata kama mawimbi bado yanatoka, na mnara usiojitaja haufuatwi.

Jirani na hapo, kwenye kilohezi 518, kuna mlio wa aina nyingine, wa harakaharaka kama nyenje wengi kwa pamoja. Hizo ni taarifa za hali ya hewa na tahadhari kwa vyombo vya baharini, na mtambo wa melini huzigeuza kuwa maandishi. Kilohezi 500 yenyewe ilikuwa ya kuombea msaada baharini. Saa za ukutani katika vyumba vya redio vya meli zilipakwa rangi nyekundu kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48. Mshale wa dakika ukiingia kwenye wekundu, kila mtu alinyamaza ili hata anayezama mbali asikike. Utaratibu wa kuita msaada kwa Morse ulifikia kikomo mwaka 1999. Binafsi nasikitika kidogo.

Upande wa FM, ukivuka megahezi 108 unaingia kwenye mitambo mingine ya ndege, nayo hujitaja kwa Morse. Mawimbi yake hayapindi sana, kwa hiyo aliye mbali na kiwanja au nyuma ya mlima hasikii kitu. Yale ya AM ndiyo hufika mbali usiku, kwa sababu huko juu angani kuna tabaka za chembe za umeme: la chini, linaloyameza mchana, hutoweka jua likizama, na la juu huyarudisha ardhini.

Kwenye masafa mafupi, ti moja kila sekunde karibu na megahezi 5, 10 au 15 ni stesheni ya kutangaza saa sahihi, kama WWV ya Marekani. Hata hivyo, si kila mlio una jina. Kilohezi 4625 husikika mngurumo wa kukatakata kutoka Urusi, nao umeendelea kwa miongo kadhaa bila maelezo rasmi. Na kabla hujaandika barua, chomoa chaja ya simu na uzime taa za LED. Mara nyingi "mtambo wa siri" huishia hapo.

Je, mnara wako uko wapi? Weka redio ndogo kwenye AM, ukiwa nje, mchana, na uizungushe taratibu kama sinia. Ndani mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, nacho ndicho antena. Kuna pembe moja mlio utafifia hadi karibu kufa: hapo ncha ya kijiti inaelekea kwenye mnara, ama mbele ama nyuma, redio haijui ni upande upi. Piga mstari kwenye ramani. Kisha nenda kilomita chache pembeni, rudia, upige mstari wa pili. Mistari inapokatana, ndipo mnara uliposimama.