GPS Inapoyumba Usiku: Tuandikie Saa Kwanza

Malalamiko kuhusu GPS kuyumba jua likishatua yameongezeka tena, kama kawaida ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Manahodha, wavuvi wa Shimoni na wapima kina cha bahari wanatuandikia kwa nia njema, nasi tunawashukuru. Lakini barua nyingi huja na hukumu tayari: mawingu ya masika, mnara mpya wa simu, au manowari iliyotia nanga nje.

Mawingu hayahusiki. Tumelisema hili mara nyingi. Wingu la mvua halifiki kilomita 20 kwenda juu, na tatizo lenu liko kilomita 300 na zaidi, ndani ya ionosfia, tabaka la anga ya juu lenye elektroni huru.

Mchana, miale ya jua hung'oa elektroni kwenye atomi za anga ya juu. Jua likizama, tabaka la chini hupoteza elektroni upesi huku la juu likibaki nazo tele. Basi viputo vyenye elektroni chache huchomoza kutoka chini na kupanda, kama uji mzito unapotokota, kisha hujinyoosha kaskazini na kusini kufuata sumaku ya dunia. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, inapita Ethiopia, si pale Nanyuki kwenye kibao cha watalii. Mombasa na Malindi ziko karibu na ukingo wa kusini wa ukanda unaorundika elektroni nyingi, na ndiyo maana mtikisiko wa huku huwa mkali. Mawimbi ya GPS ya megahezi 1575.42 yakipita kwenye viputo hivyo hutawanyika, nguvu yake hupanda na kushuka, na kipokezi huachia setilaiti moja baada ya nyingine. Mtambo wa masafa mawili, yaani kipokezi kinachonasa mawimbi ya GPS ya aina mbili, husahihisha ucheleweshaji wa mawimbi, hauzuii mtikisiko huu, hata muuzaji aape vipi.

Haya hatuyakisii. Setilaiti tatu za Swarm, za Shirika la Anga la Ulaya, zilirushwa Novemba 22, 2013 na hupita ndani ya ionosfia yenyewe. Kila moja ina vipimio vidogo vya mviringo vinavyohesabu elektroni mara 2 kwa sekunde, yaani takriban kila kilomita 4 za safari. Hesabu ikiporomoka ghafla kisha ikarudi juu, na hayo yakitokea usiku karibu na ikweta ya sumaku, aghalabu hicho ni kiputo. Vipokezi vya GPS vya setilaiti hizo zenyewe vimewahi kupoteza mawimbi zikikatiza humo. Huko hakuna mnara wa simu wa kulaumiwa.

Ila hakuna setilaiti ya Swarm inayokaa juu ya Ngome ya Yesu ikitungojea. Kila moja huzunguka dunia mara 15 hivi kwa siku, na saa yake ya kupita huku husogea kidogo kidogo. Mbili zinazosafiri pamoja huchukua siku 133 hivi kupitia saa zote za usiku na mchana. Usiku mmoja tuna kipimo, mwingine hatuna. Bila saa kamili ya tukio, hatuna cha kulinganisha.

Na saa ndiyo mnayoikosea. Fomu ya malalamiko mnayotujazia inasema "saa 2". Ya usiku, au 02:00? Saa 2 usiku iandikwe 20:00. Kuigeuza iwe 17:00 ya kimataifa ni kazi yetu, kwa sababu wengine hujumlisha 3 badala ya kutoa. Andika tarehe (ikipita saa sita usiku ni tarehe mpya), mahali ulipokuwa kabla mtambo haujayumba, setilaiti ngapi za GPS zilikuwepo kwenye mtambo na ngapi zilibaki, na mtambo ulitulia saa ngapi. Picha ya skrini pekee haitoshi. Fomu isiyo na saa hurudishwa. Ikija hivyo mara ya pili, faili hufungwa na itakubidi uanze upya.

Kutumia kifaa cha kuziba mawimbi bila idhini ni kosa kisheria, na kifaa chenyewe huweza kutwaliwa. Dalili zake ni tofauti: hutokea hata saa 4 asubuhi, tena eneo dogo tu. Hapo ndipo tunapopeleka faili kwa wenye mamlaka. Anayemtaja jirani yake kwenye fomu ajue ataitwa kuandikisha taarifa.

Wapima kina, vipimo vya kuanzia saa 1 usiku hadi saa 6 virudieni asubuhi kabla ya kuviwasilisha. Manahodha mnaoingia Kilindini usiku, tumieni dira, rada na maboya.