Si tone la maji linalounguza okidi
Hapa Lamu tumezoea kuambiwa kwamba okidi ikimwagiwa maji mchana, kila tone hugeuka kioo kinachokusanya jua na kuunguza jani. Si kweli. Juu ya jani laini tone hulala bapa, kwa hiyo jua likiwa utosini miale hukutania chini ya jani, na likiinama huwa limepungua makali. Kinachounguza ni jua lenyewe, hasa mmea uliolelewa kivulini unapotolewa ghafla uani: jani hupata joto kuliko hewa, chembe hai zake hufa, na hubaki baka jeupe ambalo baadaye huwa kahawia. Liguse jani adhuhuri kwa mgongo wa mkono; ukihisi moto, uhamishe mmea papo hapo.

Baka hilo halirudi kuwa kijani, lakini nawasihi msikate jani zima, kwani sehemu iliyo hai bado inaulisha mmea. Baka likiwa laini na lenye majimaji, huo ni uozo, nao hukatwa kwa kisu safi. Okidi ya jamii ya Phalaenopsis hutosheka na jua la asubuhi hadi saa mbili au tatu, kisha kivuli cha makuti au pazia jepesi.