Jeshi la anga si ndege tu: Kenya haikulirithi, ililianzisha

Ndege yoyote ya kijani ikitua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, huku ng'ambo ya Mkunguni, mjini Lamu, utasikia lile lile: "Jeshi la anga limekuja." Mazungumzo yakinoga, atatokea wa kuongeza kwamba jeshi hilo lipo tangu enzi za Mzungu, kwamba ndilo lililopiga misitu ya Aberdare wakati wa Mau Mau, na kwamba Kenya ililirithi mwaka 1963 pamoja na reli na maofisi. Hayo husemwa hata na watu waliosoma, na watoto huyabeba hivyo hivyo hadi shuleni.

Jeshi la anga ni tawi la ulinzi wa nchi linalofanya kazi yake angani, lenye kamanda wake, shule yake ya marubani, karakana zake na stoo zake, na kamanda huyo hapokei amri kwa mkuu wa jeshi la nchi kavu wala wa wanamaji. Kenya huliita Jeshi la Wanahewa. Maana yake ndiyo hiyo, haina zaidi.

Watu hushika nusu ya kwanza ya maana hiyo, yaani ndege, wakaiacha ya pili, yaani amri. Na nusu ya pili ndiyo iliyoleta jina lenyewe duniani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Uingereza ilikuwa na ndege za kivita chini ya mabwana wawili: Royal Flying Corps ya jeshi la nchi kavu, na Royal Naval Air Service ya wanamaji. Pande hizo mbili zikagombania injini na viwanda vile vile. Ndege za Kijerumani zilipoishambulia London mwaka 1917, ikaonekana hakuna mtu mmoja wa kuulizwa ulinzi wa anga uko mikononi mwa nani. Tarehe 1 Aprili 1918 pande hizo zikaunganishwa, ikazaliwa Royal Air Force (RAF). Siku hiyo rubani alipanda ndege ile ile aliyoirusha jana yake. Kilichobadilika ni nani wa kumwamuru. Marekani nayo, pamoja na ndege zake zote za Vita Vikuu vya Pili, haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea hadi tarehe 18 Septemba 1947. Kabla ya hapo ndege zile zilikuwa za jeshi la nchi kavu na za wanamaji.

Sasa twende kwenye hili la kurithi, maana ndilo linalopotosha zaidi.

Jeshi la nchi kavu la Kenya lilirithiwa kweli. King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilikuwapo tangu 1902, na uhuru ulipofika vikosi vyake vya Kenya, cha 3, cha 5 na cha 11, viligeuka Kenya Rifles. Askari walikuwa wale wale na kambi zile zile. Wanamaji wako katikati: Royal East African Navy ilivunjwa mwaka 1962, lakini ilikuwa imeshafundisha mabaharia, na Jeshi la Wanamaji la Kenya lilipoanzishwa Mombasa tarehe 16 Desemba 1964 ujuzi wa bahari ulikuwa umeshaingia mikononi mwa watu wa hapa. Kwa upande wa anga hakukuwa na kikosi cha kubadilishwa jina. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipopanda, Kenya haikuwa na jeshi la anga hata la mfano. Lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964. Kilichorithiwa ni uwanja wa Eastleigh, Nairobi, uliokuwa kituo cha RAF, pamoja na mabanda yake.

Lakini ndege si zilikuwapo? Zilikuwapo, na Malindi inalijua hilo kuliko miji mingi ya Kenya, kwa kuwa ilipigwa mabomu Oktoba 1940. Ndege zilizoyaangusha zilikuwa za Regia Aeronautica, jeshi la anga la Italia, tawi lililojitegemea tangu 1923. Zilizopaa kutoka Kenya kuwajibu Waitalia zilikuwa za Afrika Kusini na za Uingereza. Jahazi la tajiri wa Mombasa likitia nanga Lamu halijawa la Lamu, na ndege hizo ndivyo zilivyokuwa kwa Kenya.

Wako wanaotaja mwaka 1939, nao wana sababu. Vita vilipozuka, ndege na marubani wa Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson jijini Nairobi mwaka 1929, walichukuliwa wakaundiwa Kenya Auxiliary Air Unit. Jina lina neno Kenya ndani yake, na hapo ndipo mtu hunaswa. Kilikuwa kikosi cha wasaidizi cha kupeleleza na kubeba barua na maofisa, chini ya amri ya Waingereza, na hakikuvuka vita. Wakati wa Mau Mau, Harvard na Lincoln zilizodondosha mabomu misituni zilikuwa za RAF, na vindege vidogo vilivyokuwa vikizunguka kutafuta moshi wa kambi vilikuwa vya polisi wa akiba. Kulibebesha jeshi lililoanza 1964 mabomu ya 1953 ni kulidhulumu, na ni kumfutia makosa aliyeyatenda.

Ukitaka kuona kwamba lilianza tangu chini, tazama lilianza na nini. Halikuanza na ndege za kupigana. Lilianza na Chipmunk za kufundishia zilizotoka kwa Waingereza, na Beaver za kubebea watu na mizigo. Nchi isiyo na marubani wake huanzia hapo.

Chipmunk ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kila kiti kina usukani wake, ili mwalimu aweze kumnyang'anya mwanafunzi ndege kabla hajaiharibu. Injini yake, Gipsy Major ya silinda nne, ina nguvu za farasi 145, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Ingekuwa Malindi ungezipata zote. Eastleigh iko kwenye kimo cha mita 1,600 na kitu, hewa ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kimo. Hesabu inakupa kama farasi 120. Hewa hiyo nyepesi hupunguza pia uwezo wa mabawa kubeba, hivyo ndege hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuondoka ardhini. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu miti ya kando ya uwanja humalizikiwa na njia adhuhuri, jua linapoifanya hewa iwe nyepesi zaidi.

Kisha kuna gurudumu la mkia. Chipmunk na Beaver zote mbili husimama juu ya magurudumu mawili ya mbele na kigurudumu kimoja nyuma, maana yake uzito mkubwa uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ndege ikigusa ardhi imekaa upande kidogo, uzito huo huusukuma mkia uje mbele, na kadiri unavyokuja ndivyo unavyozidi kusukumwa. Rubani akichelewa kukanyaga pedali, ndege huzunguka kama pia, bawa likakwangua ardhi na mguu ukavunjika. Dawa yake ni kugusa ardhi ikiwa imenyooka na miguu isikae bure kwenye pedali hadi ndege isimame kabisa. Mwendo ukishapungua, usukani wa mkia haupati tena upepo wa kufanyia kazi, na makosa mengi hutokea hapo, rubani akidhani safari imekwisha.

Beaver ndiyo iliyofanya kazi ya kuchosha. Ina injini moja ya farasi 450, silinda tisa zilizopangwa duara, na hutua kwenye vipande vifupi vya ardhi ya vumbi. Miaka ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki, 1963 hadi 1967, vilivyowatoa Wabajuni wengi kwenye mashamba yao ya bara, sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko mwendo. Kasoro yake iko kwenye mpangilio wa silinda. Injini ikilala, oili hushuka hadi silinda za chini na kujaa juu ya pistoni. Oili haibanwi kama hewa. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, fundi huzungusha propela kwa mkono, taratibu. Ikigoma, asiilazimishe: afungue plagi za silinda za chini oili imwagike. Akiilazimisha, au akiwasha hivyo hivyo, konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, hupinda, na injini huenda ikafia angani siku nyingine kabisa, lawama akapewa rubani. Mdomo wa kujazia oili wa Beaver uko ndani ya chumba cha rubani, hata huweza kuongezwa ndege ikiwa angani.

Mafundi wa namna hiyo ndio jeshi la anga lenyewe. Ndege hununuliwa kwa mkataba wa siku moja, lakini fundi anayejua kuacha kulazimisha propela hulelewa kwa miaka. Ndiyo maana maofisa wa Uingereza waliendelea kuliongoza hadi 1973, alipoteuliwa Dedan Gichuru, Mkenya wa kwanza kuwa kamanda wake. Ndege za kupigana zilikuja polepole: Strikemaster sita mwaka 1971, Hunter mwaka 1974, F-5 mwaka 1978.

Halafu ikaja tarehe 1 Agosti 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la askari wa jeshi hilo kushindwa, jeshi lilivunjwa, na kilichoundwa upya kikaitwa '82 Air Force, chini ya mkono wa jeshi la nchi kavu. F-5 zilibaki zile zile. Uhuru wa amri ulirudi mwaka 1994. Kwa hiyo anayehesabu miaka ya jeshi hili mfululizo tangu 1964 anaruka kumi na miwili ambamo ndege zilikuwapo, na lile linalozifanya ndege kuwa jeshi halikuwapo.

Tukirudi Manda, ndege ya kijani huenda ikawa ya polisi, ambao wana kikosi chao cha anga. Helikopta huenda ikawa ya jeshi la nchi kavu, kwa kuwa kikosi chake cha 50, kilichoko Embakasi, hurusha za kwake. Si kosa kutozijua kwa mbali. Anayetaka kupatia asome kwanza maandishi ya ubavuni, na kama hayasomeki aseme tu "ndege ya serikali". Na mtoto akiuliza jeshi la anga la Kenya lilianza lini, aambiwe tarehe 1 Juni 1964, Eastleigh, na ndege za kufundishia.