Taa Kuwaka Hakutoshi: Angalia Kioo Chake

Msimu huu wa mvua, ukungu ukishuka Uyole na Isyonje hapa Mbeya, madereva ambao sisi askari wa usalama barabarani tunawasimamisha usiku wana jibu moja: "Afande, taa zinawaka." Zinawaka, ndiyo. Lakini mwanga ukipita kwenye kioo chenye mikwaruzo au kilichogeuka njano hutawanyika. Unamchoma macho anayekuja mbele, na wewe mwenyewe humwoni mtembea kwa miguu. Kufunga balbu kali zaidi kunaongeza tatizo.

"Kioo" cha taa za magari mengi ya sasa ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa tabaka jembamba la kinga. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua ya urujuanimno, ambayo hula tabaka hilo na kuigeuza plastiki njano, huongezeka kadiri unavyopanda, hata siku ya baridi. Ukipata kivuli, egesha hapo.

Mikwaruzo mingi, hata hivyo, inatokana na kitambaa kikavu. Gari limetoka kwenye vumbi la ujenzi wa barabara ya njia nne, kijana anafuta taa hapo hapo. Mchanga unafanya kazi ya msasa. Mwagia maji kwanza, kisha sabuni ya kuoshea magari na kitambaa laini. Petroli isiguse kabisa, huleta nyufa.

Na kusugua taa kwa dawa ya meno tuache, tumelisema mara nyingi. Inang'arisha kwa muda huku ikila kinga iliyobaki. Dawa ya kufukuza mbu, ambayo wengine huisugulia taa, nayo inaweza kuyeyusha uso wa plastiki.

Kwa matengenezo, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, polishi inaweza kutosha. Ukinasa, fundi azibe rangi ya bodi kwa karatasi ya gundi, apige msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 3000, kioo kikiwa kimelowa muda wote, halafu polishi. Asiishie hapo. Lazima apake kliya, yaani rangi angavu ya juu, yenye kinga ya jua, la sivyo unjano utarudi ndani ya miezi michache. Mafundi wengi wanairuka hatua hii na mteja haulizi. Uliza.

Kisheria, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali salama linapokuwa barabarani. Ukiandikiwa kosa, faini ya papo kwa papo ni kwa kila kosa, si kwa kila gari. Taa na tairi bovu ni makosa mawili. Unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, kamwe si mkononi mwa askari. Hakiki namba ya gari iliyoandikwa kabla ya kulipa, na tunza risiti. Kulipa hakukupi ruhusa ya kuendelea na taa hiyo. Kesho ukisimamishwa nayo, ni kosa jipya.

Kioo kilichopasuka, au chenye maji ndani, hakipigwi msasa. Kinabadilishwa.